Ukitoka Pwani na Mshipi Wako, Ziwa Hili Lina Kalenda Yake

Nilihamia Kigoma kikazi nikiwa na mfuko wa ndoano, chubwi (vile vizito vya kuzamishia mshipi) za kila uzito na jeuri ya mtu aliyekulia Tanga. Kwetu mambo yalikuwa wazi: bamvua, yale maji makubwa ya kujaa na kupwa, likikaribia unatafuta ngisi wa chambo, maji yakianza kujaa unakaa mwambani kusubiri changu, maji mafu, yanayojaa na kupwa kidogo tu, unalala. Wiki ya kwanza tu nikaona mwezi umejaa. Nikasema, bamvua hilo! Nikashuka ufukweni Kibirizi jioni na fimbo begani. Mitumbwi ya dagaa ilikuwa imevutwa mchangani, taa zimewekwa pembeni, watu wanashona nyavu. Mzee mmoja akaniuliza, "Baba, na mbalamwezi hii unakwenda wapi?" Nikaenda hivyo hivyo. Nilichorudi nacho ni alama za mbu.

Basi wewe uliyefika juzi, anza hapo. Ziwa Tanganyika halina kupwa na kujaa kwa kutazamia. Bwana mkubwa huku ni dagaa. Mchana hukaa chini, usiku hupanda juu, na kwenye giza huifuata taa ya mvuvi. Migebuka huwafuata dagaa, sangara naye yuko nyuma yao. Mwezi ukiwa mpevu taa haina nguvu, dagaa wanatawanyika na wavuvi wengi wanapumzika. Kwa hiyo ile hesabu ya mwezi uliyokuja nayo usiitupe. Pwani mwezi mwandamo na mwezi mpevu wote huleta bamvua. Huku chukua nusu moja tu, ile ya giza. Sisi tunaovua kujifurahisha tunaamka alfajiri ya siku hizo, vyombo vya dagaa vinaporudi, tunatafuta mahali ndege wanapopiga mbizi.

Kosa langu la pili lilinigharimu mshipi mzima. Nilizoea kuteremsha chubwi mpaka sakafuni, kwa sababu baharini chewa yuko huko. Ziwa hili lina kina kinachofika takriban mita 1,470, na upande wetu wa kaskazini, ukishapita kama mita mia hivi, maji hayana hewa ya kutosha samaki kuishi. Unashusha chambo kaburini. Nje kwenye kina, vua maji ya kati: ndoano kadhaa kwenye mshipi mmoja, kila moja na unyoya mweupe au kitu kinachong'aa, unapandisha na kushusha taratibu. Mgebuka anadhani ni dagaa.

Ufukweni ni habari nyingine. Maji ni maangavu mno, unaona jiwe mita kadhaa chini, na samaki naye anakuona wewe. Tumia uzi mwembamba, kaa chini, usisimame juu ya mwamba kama mnara. Kwenye mchanga karibu na mawe utampata kuhe, ambaye anaweza kupita sentimita 70, na hakuna samaki wa jamaa yake mkubwa kumzidi. Lakini ukiona wawili wameganda mahali pamoja, chini yao kuna wingu la vifaranga, waache. Baba na mama wote wanalinda. Kumvuta mmoja hapo mimi naona ni aibu, hata kama hakuna anayekutazama.

Kwenye mawe hayo hayo yupo nyoka wa majini, swila anayekula samaki. Mara nyingi anajiendea zake, ila ana sumu, kwa hiyo usiingize mkono kwenye pango kufuata ndoano iliyonasa. Kata uzi. Na uliza wenyeji kuhusu mamba kabla ya kuingia majini hata kama yanafika magotini tu.

Upepo ndio unaoua watu. Miezi ya kiangazi upepo wa kusini unaweza kuliamsha ziwa katika muda wa kunywa chai, na mawimbi yake ni mafupi, yanafuatana bila kukupa pumzi, tofauti na yale marefu ya bahari. Mvuvi mwenyeji akikataa kwenda, usimwongezee pesa. Jaketi okozi livae, usilikalie.

Kuhusu leseni, pitia kwanza kwa ofisa uvuvi. Tena uliza kama ziwa liko wazi: mwaka 2024 shughuli za uvuvi zilisitishwa kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15 ili samaki wazaliane. Ukielekea kaskazini kumbuka pia Hifadhi ya Gombe ina masharti yake.

Mwisho, habari za ziwa usizitafute kwenye simu. Nenda asubuhi kwa akina mama wanaoanika dagaa, salimia vizuri, nunua japo kisado kimoja. Kisha uliza vyombo vya jana vilitokea upande gani. Mimi huuliza hivyo kila Ijumaa, na Jumamosi najua nielekeze wapi mtumbwi.