Makosa ya kunakili DNA: lini yanageuka saratani?

SWALI: Shikamoo daktari. Nasoma kwamba makosa yanayotokea seli zikinakili DNA ndiyo huleta saratani. Kama seli zetu zinagawanyika kila siku, mbona hatuugui sote? Pia mjomba wangu amepasuliwa uvimbe wa utumbo mpana na ripoti yake imeandikwa "MSI-H". Je, vinahusiana?

JIBU: Marahaba. Vinahusiana sana, tena ripoti ya mjomba ndiyo inayojibu swali lako la kwanza.

Tuanze na hesabu. Seli moja ya binadamu ina herufi za DNA zipatazo bilioni 6. Polimerasi, kimeng'enya kinachonakili, hukosea takriban mara moja katika kila herufi 100,000. Mambo yangeishia hapo, kila mgawanyiko ungeleta makosa kama 60,000. Lakini polimerasi yenyewe huhisi herufi iliyokaa vibaya, ikarudi nyuma, ikaing'oa na kuweka nyingine. Makosa yanayoiponyoka hukutana na kikosi kinachopita nyuma yake: protini za MSH2 na MSH6 hutambua mahali ambapo herufi mbili hazioani, kisha MLH1 na PMS2 husaidia kukata kipande hicho cha uzi mpya ili kiandikwe tena. Linalobaki ni kosa kama moja katika herufi bilioni moja, pengine pungufu ya hapo, na mengi ya hayo huangukia pasipo na madhara.

Kwa hiyo kosa moja halifanyi saratani. Lazima seli iharibikiwe jeni kadhaa, za kuchochea ukuaji na za kuufunga breki, na kwa mwendo wa kawaida hilo huchukua miaka mingi. Hali ni nyingine kabisa pale jeni inayoharibika ni ya msahihishaji mwenyewe. Hapo makosa hayaongezeki moja moja tena, yanamiminika.

Huumia zaidi sehemu zenye herufi inayojirudia. Polimerasi huteleza hapo, kama mtu anayehesabu shanga zinazofanana akaruka moja. Jeni ya TGFBR2 ina A 10 mfululizo. Zikinakiliwa 9, hasara si ya herufi moja, kwa sababu seli husoma herufi tatu tatu. Chukua MTU ANA YAI. Ondoa U, usome tena tatu tatu: MTA NAY AI. Kila kilichofuata kimevurugika, na protini hukatika kabla ya kukamilika. Protini yenyewe ilikuwa sikio la seli za utumbo la kusikia amri ya kuacha kukua.

MSI-H maana yake ni hiyo: vipande vifupi vya DNA vinavyojirudia vimebadilika urefu katika sehemu nyingi za uvimbe, ukilinganisha na tishu salama ya mgonjwa huyohuyo. Takriban 15% ya saratani za utumbo mpana ziko hivi. Nyingi ya zilizobaki huyumba kwa njia nyingine: kromosomu nzima hupotea, huongezeka au hukatika na kuungwa kombokombo. Jeni za BRCA1 na BRCA2, ambazo huenda umezisikia kuhusu saratani ya matiti, kazi yake ni kuunga DNA iliyokatika nyuzi zote mbili.

Usiisome MSI-H kama habari mbaya tupu. Uvimbe wenye makosa mengi hutengeneza protini ngeni, na mfumo wa kinga huziona. Mwaka 2017 Marekani iliidhinisha pembrolizumab, dawa inayoachilia seli za kinga, kwa uvimbe wa aina hii uliosambaa, bila kujali ulianzia kiungo gani. Kama mjomba ataihitaji, daktari wake ndiye atakayeamua, kwa kuangalia saratani imefika wapi.

Wewe mwulize daktari huyo jambo moja: kati ya zile protini nne za kusahihisha, ni ipi iliyokosekana kwenye uvimbe? Ikiwa ni MLH1, mara nyingi jeni imezimwa ndani ya uvimbe wenyewe, hasa kwa wazee, na haikurithiwa. Kuna vipimo vya kuthibitisha hilo. Ikiwa ni MSH2, uwezekano wa kurithi, yaani ugonjwa wa Lynch, ni mkubwa zaidi. Hapo mjomba apimwe damu kwanza, na jeni mbovu ikionekana, mama yako naye apimwe. Akikutwa nayo, wewe una nafasi ya nusu kwa nusu ya kuwa nayo, na uchunguzi wa utumbo kwa kamera huanza mapema kuliko kwa watu wengine.