Umekwama na vituo elfu mbili? Usikimbilie dukani

Jana kijana mmoja wa chuo ameniandikia: "Kaka, habari za kazi. Programu yangu ya kupanga njia za magari ya kusambaza bidhaa imekesha na jibu haijatoa. Ninunue kompyuta yenye nguvu zaidi?"

Mdogo wangu, hapana. Vituo 20 tu vina mizunguko (njia za kupita kila kituo mara moja na kurudi ulipoanza) zaidi ya trilioni 60,000 ya kuchagua. Kupitia mmoja mmoja utazeeka.

Mimi niliwahi kumpangia njia msambazaji mmoja wa soda hapa Dar. Bwana wao wa mipango, mwenye digrii mbili na kauli za kuudhi, alinicheka kikaoni: "Huna uthibitisho kwamba hii ndiyo fupi kuliko zote." Sikuwa nao, na wala sikuuhitaji! Nilianza kijinga kabisa: ulipo, nenda kituo cha karibu ambacho hujakifikia. Ikatoka lori linalotoka Magomeni kwenda Kariakoo, linarudi Magomeni, kisha Kariakoo tena. Kwenye ramani mistari ilikatana palepale Jangwani. Ukiona hivyo, ondoa mistari miwili, unganisha ncha upya, kipande cha katikati kigeuke. Njia ikifupika, iache hivyo. Mbinu hiyo ndiyo inaitwa 2-opt, ya mtafiti Croes tangu 1958. Rudia mpaka kisipungue kitu. Vituo vikiwa vingi, kila kituo jaribu kukiunganisha na majirani kumi wa karibu tu, usihangaike na wote.

Kariakoo ina mitaa ya njia moja, hivyo kugeuza kipande kunabadilisha gharama yake. Hapo tumia Or-opt, inayohamisha kituo kimoja hadi vitatu bila kugeuza mwelekeo. Na umbali uwe wa barabara. Kwa rula, Kivukoni na Kigamboni ni pua na mdomo. Lori litasubiri pantoni au lizunguke darajani.

Madereva wao bado wanatumia njia zangu. Awamu ya mwisho ya malipo sijaiona.

Vijana, acheni kuabudu jibu kamili. Helsgaun wa Denmark, akiendeleza mbinu ya Lin na Kernighan ya 1973, alipata mzunguko wa miji 1,904,711 ya dunia. Hakuna aliyethibitisha kuwa ndio mfupi kuliko yote, ila inajulikana kwamba hauuzidi ule mfupi hata kwa asilimia 0.05. Inajulikana kwa sababu ya kikomo cha chini, yaani urefu ambao hakuna mzunguko unaoweza kushuka chini yake. Barabara zikiwa za pande mbili, tafuta mti mfupi unaounga vituo vyote, yaani mtandao wa mistari usio na mzunguko ndani yake: hakuna mzunguko utakaokuwa mfupi kuliko huo. Watafiti Held na Karp walikiboresha kikomo hicho mwaka 1970. Namba hiyo iweke mezani kabla bwana wa mipango hajafungua mdomo.