Baba alibeba mfupa upi?

Mhariri, wiki hii mmeuliza hivi: "Je, mji mdogo unahitaji chama chake cha historia, au kazi hiyo iachiwe serikali na Makumbusho ya Taifa?" Swali nililisoma nikiwa ghalani tunapima korosho, nikairudisha simu mfukoni, lakini halikunitoka hadi jioni. Jibu nilikuwa nalo tayari: hapana, hatukihitaji. Nilidhani nitaandika mistari minne nilale. Huu ni usiku wa tatu.

Niseme mapema kwamba mimi haliniumi sana suala la nani afanye kazi hiyo. Iwe serikali, chama, shule au msikiti, sawa. Linaloniuma ni nani anakalishwa mbele na nani anashika kipaza sauti siku mambo yetu yanaposimuliwa.

Mimi naishi Lindi mjini, lakini kwa mama ni wa upande wa Mipingo. Aliye wa huku ameshajua naelekea wapi. Kwa wasomaji wa mbali: huko ndiko kiliko kilima cha Tendaguru. Mwaka 1906 mhandisi wa madini wa Kijerumani, Bernhard Wilhelm Sattler, aliona mifupa mikubwa ya dinosaria, wale wanyama wa kale, imechomoza ardhini, na kuanzia 1909 hadi 1913 pakawa na machimbo. Wakubwa wa machimbo walitoka Berlin, Werner Janensch na Edwin Hennig. Waliochimba, walioteka maji na waliobeba walikuwa watu wa huku. Wafanyakazi walipata kukaribia 500. Kumbukeni Vita vya Maji Maji vilikuwa vimekwisha 1907, na njaa iliyofuata ilimaliza watu kuliko risasi. Waliokwenda kuomba kazi Tendaguru walikuwa wametoka kuzika.

Wanyama wa kubeba hawakuwezekana kwa sababu ya mbung'o. Kwa hiyo tani zaidi ya 200 za mifupa zilishuka pwani juu ya miili ya watu, mwendo wa siku nne mpaka bandari ya Lindi, zikapakiwa melini. Mnyama mmoja wa huko amesimamishwa Berlin tangu 1937, kimo chake kinapita mita 13. Habari ya kwamba mifupa irudi au isirudi imefika hadi bungeni, sitaigusa leo.

Sasa nieleze kilichonitia hasira.

Ilikuwa Jumamosi, msimu wa korosho haujaanza. Kuna kikundi cha wapenda historia hapa mjini: walimu vijana, fundi seremala mmoja, wastaafu wawili. Waliandaa siku ya urithi kwenye uwanja wa shule. Palikuwa na ngoma, ming'oko ya kuchemsha, na picha za zamani za mji zimetundikwa kwenye kamba kwa vibanio vya nguo. Wiki mbili kabla, katibu wao, kijana mpole mwenye kuongea kwa kituo, alinifuata ghalani.

"Shikamoo dada. Nasikia mna bibi kule ambaye baba yake alibeba mifupa."

Nikamwambia ni mama mkubwa wangu, dada yake mama, ana miaka 80 na ushei, na safari hawezi. Akasema nauli ataitoa mwenyewe. Nikaona haya kukataa, nikapanda kumfuata.

Mama mkubwa hakukataa hata kidogo. Alivaa kanga ambayo hajaifua hata mara moja, akafungua kisanduku chake akatoa sarafu ya Mjerumani yenye tundu katikati, ameitunga uzi. Ni heller kumi, yaani hiyo hiyo iliyotuachia neno hela. Baba yake alilipwa hizo. Akaivaa shingoni ndani ya nguo. Tulitoka alfajiri kwa bodaboda, mimi nyuma namshikilia asianguke, kisha tukapata Hiace barabarani. Saa tatu tulikuwa uwanjani.

Tulipofika tukaambiwa viti vya mbele ni vya wageni. Wazee walipangiwa benchi nyuma, chini ya mwembe. Sikusema kitu, kwa kuwa kivuli kilikuwa huko.

Mgeni rasmi alichelewa. Katika kumngojea akasimama msemaji mmoja kutoa historia ya Tendaguru, akaongea kama dakika arobaini. Aliyajua mambo, sitamwonea. Alimtaja Sattler, akamtaja Janensch, akaeleza kwamba baadaye Waingereza nao walikuja, kwamba William Cutler aliyewaongoza alifia hapa hapa Lindi kwa malaria mwaka 1925, na kwamba Louis Leakey, yule mtafiti wa Olduvai, alikuwa naye mwaka 1924 akiwa bado kijana. Yote kweli. Nilingoja nisikie jina moja la mtu wa huku. Sikulisikia. Alisema "wapagazi", akapita.

Ndipo mama mkubwa akaitwa. "Bibi ana dakika tano," akasema mshereheshaji.

Alisimama taratibu, akakataa kipaza sauti kwanza kwa kuwa hakujua akishikeje. Akasalimia kwa Kimwera, wazee chini ya mwembe wakaitika wote pamoja. Kisha akaingia kwenye Kiswahili chake.

"Baba yangu alikuwa na nundu hapa," akasema, akaligusa bega lake la kulia. "Sisi watoto tulikuwa tunaishika akitusimulia. Ngumu kama goti. Tulikuwa tunagombania nani akae upande huo."

Uwanja ulikuwa una kelele za watoto na wauza barafu. Ukaanza kutulia.

"Mfupa mdogo unawekwa kichwani, na kata. Mfupa mkubwa haukai kichwani. Unakandikwa udongo, unazungushiwa mwanzi, unafungwa, unatiwa mpiko. Mnashika wawili. Wa mbele anaona njia, wa nyuma anaona mfupa. Baba alikuwa wa nyuma."

Akanyamaza hapo. Sijui kama alikusudia. Mimi nilimwona yule mtu, siku nne, jua na mavumbi, macho yake hayana pa kwenda ila kwenye lile furushi la udongo linalobembea mbele yake.

Kisha akafanya jambo ambalo hakuna aliyelipanga. Akawaita wavulana wawili wa sekondari, akaagiza mti mrefu uliokuwa umeegemezwa kwenye turubai, na kiroba cha mchele kutoka kwa akina mama wapishi. Akakifunga mwenyewe, mikono inatetemeka lakini fundo likakaa. Wavulana wakabeba, wakaenda hatua tano, kiroba kikaanza kuwayumbisha huku na huku. Watu wakacheka.

"Mnalingana hatua!" akawaambia. "Mkilingana mzigo unabembea, utawaangusha. Huyu akitanguliza kulia, wewe wa nyuma tanguliza kushoto. Msilingane."

Wakajaribu tena. Kiroba kikatulia kama kimewekwa mezani. Hakuna aliyecheka tena. Mimi nina miaka 52, nimekulia kwenye hadithi ile ile, na hilo la hatua sikuwa nalijua. Halimo katika hizo dakika arobaini. Nadhani haliandikwi kwa sababu mwandishi hakuwa chini ya mpiko.

Wavulana wakauzunguka uwanja mara mbili, watoto wadogo nyuma yao, na mama mkubwa katikati anawaelekeza kwa kidole kama anayefundisha ngoma. Alipotosheka akageuka, na pale kwenye kamba, kati ya picha ya bandari na picha ya soko, akaiona picha ya mnyama wa Berlin. Shingo inapanda hadi juu ya karatasi, watu chini yake kama siafu. Hakuwa amewahi kuiona. Baba yake naye alikufa hajui kwamba ile mifupa ilikuja kuungwa ikasimama.

"Ndiye huyu?"

"Ndiye, mama," akajibu katibu.

Akasogea mpaka karibu na karatasi. Akaanza kupita na kidole, kutoka mguuni, gotini, pajani, mbavu moja moja. Sarafu ilikuwa imetoka nje ya nguo inaning'inia. Akamgeukia yule kijana akamuuliza kwa sauti ya chini, ila kipaza sauti kilikuwa karibu kwa hiyo tulisikia wote:

"Baba alibeba mfupa upi?"

Hapo ndipo gari la mgeni rasmi likaingia. Mshereheshaji akachukua kipaza sauti, akasema tunamshukuru sana mama yetu, makofi tafadhali, wageni tusimame. Ngoma zikapigwa. Mama mkubwa kidole chake bado kiko juu ya karatasi. Mtu mmoja wa kamati akamshika mkono, kwa adabu, siwezi kusema kwa ukali, akamrudisha chini ya mwembe na soda mkononi. Mgeni rasmi aliongea kuhusu utalii na fursa, akapigwa picha mbele ya kamba, akaondoka. Ule mti na kiroba walikwisha kuviondoa njiani.

Nilikosa usingizi siku ile. Ndiyo maana swali lenu limenikuta na hapana mdomoni. Niliapa simpeleki tena mzazi wangu mahali aonyeshwe kama kitu.

Lakini ninapoandika naona sijawatendea haki, na lazima niendelee mpaka mwisho wa habari. Wiki tatu baadaye katibu yule alipanda kijijini kwa bodaboda, bila kamati na bila kuniambia. Alilala siku mbili. Alimwomba radhi mama mkubwa, yeye akamuuliza radhi ya nini. Akamrekodi kwenye simu, akaandika na daftarini. Akamletea pia habari mbili ambazo mimi mtoto wa huku sikuwa nazo: kwamba mwaka 2007 wataalamu walimpa mnyama mmoja wa Tendaguru jina la Australodocus bohetii, kwa heshima ya Boheti bin Amrani aliyekuwa msimamizi wa wachimbaji, na mwaka 2019 mwingine akaitwa Wamweracaudia keranjei, kwa Wamwera na kwa Mohammadi Keranje, msimamizi mwingine. Wamwera! Jina letu limo katika vitabu vya sayansi, nami nimelisikia kutoka kwa kijana wa kikundi nilichokuwa nakitukana. Niliporudi mjini niliwauliza wanangu na wenzao, wanafunzi wa kidato cha tatu. Hakuna aliyekuwa amelisikia jina la Boheti.

Sasa serikali ingempata wapi mama mkubwa? Nauliza kwa nia njema. Naona kazi kubwa iliyofanyika kwa kuta. Kilwa Kisiwani na Songo Mnara, magofu yaliyo urithi wa dunia tangu 1981, zilitiwa katika orodha ya urithi ulio hatarini mwaka 2004, zikafanyiwa kazi mpaka zikatolewa 2014. Wenzetu wa Mikindani boma lao la Mjerumani la 1895 lilitengenezwa, sasa wageni wanalala humo. Nafurahi, kweli. Ila mama mkubwa hana orodha ya hatari ya kutiwa, na hakuna ofisi itakayotuma mtu kwa bodaboda kumuuliza hatua za mpiko. Wa kwenda ni mtu wa hapa hapa, anayemjua dada yangu, anayejua ghala ninalofanyia kazi, anayeweza kutoa nauli mfukoni kisha akaaibika nikimlaumu.

Kwa hiyo nimejikuta kwenye ndiyo. Iandikeni ndiyo, lakini msiikate mahali hapo, kwa sababu bado nina mashaka. Yale maneno ya mama mkubwa yako kwenye simu moja na daftari moja. Kijana yule kapata kazi Dar es Salaam, anaondoka mwezi ujao, na nilipomuuliza nakala iko wapi alikuna kichwa. Chama kinachomtegemea mtu mmoja, yeye akilala nacho kinalala. Nimemwambia daftari lile alinakili kabla hajaondoka: moja libaki shuleni, moja kijijini kwa mama mkubwa mwenyewe hata kama hasomi, wajukuu wanasoma. Na siku nyingine ya urithi mgeni rasmi akichelewa, asubiri yeye. Hilo nimemwambia mshereheshaji pia, hatuongei sana siku hizi.

Na swali lake la mfupa? Katibu anasema huko Berlin kumbukumbu za machimbo zimetunzwa, labda ipo njia ya kuuliza. Mimi sina tumaini kubwa. Mzee mmoja wa nyuma ya mpiko, kati ya maelfu ya mizigo. Ila nimemsaidia kuandika barua, na ada ya uanachama nimelipa ya mwaka mzima.

Jana nilimpigia mama mkubwa kumwambia nawaandikia ninyi. Hakuuliza gazeti gani. Aliuliza yule kijana anakuja lini tena, kwa sababu usiku akikumbuka anaona alimtajia vituo vitatu vya kulala njiani, na cha kwanza, chenye kisima, alikisahau.