Mama Klara, kuhusu ushirika wenu wa kusomesha nyumbani

Mwanangu,

Barua yako imenifikia salama. Picha za mjukuu wangu nimezibandika juu ya redio, chini ya ile ya marehemu mama yako, na kila anayeingia huku anasema Klara kachukua paji la uso la bibi yake. Mimi sijambo. Goti ni lile lile.

Umeniuliza jambo moja waziwazi: umtoe Klara shuleni umwingize kwenye ule ushirika wa familia zinazosomesha watoto nyumbani kwa mtindo wa wakale, au umwache alipo? Umenieleza vizuri hata mimi niliyestaafu nimeelewa. Familia 12, mnakutana siku moja kwa wiki kwenye ukumbi wa kanisa, siku nyingine kila mzazi na wake nyumbani. Wadogo wanakaririshwa Kilatini, ramani na matukio ya historia kwa mpangilio wa miaka. Wakikaribia miaka 12 wanafunzwa kupima hoja na kubishana. Wakikua zaidi, kusema na kuandika mbele za watu. Ndizo hatua tatu mnazoziita sarufi, mantiki, balagha. Tena kila mzazi sharti abaki na afundishe kitu, hakuna kumshusha mtoto mlangoni ukageuza gari.

Umeongeza kwamba huko Texas huendi kuomba kibali popote, maana Mahakama ya Juu ya jimbo iliamua 1994 kuwa nyumba inayosomesha watoto kwa dhati ihesabiwe kama shule binafsi, mradi mtoto afundishwe kusoma, tahajia, sarufi, hesabu na uraia mwema. Hapo nilirudia kusoma mara tatu. Mimi nilishakuwa mwalimu 1977, tulipoanza Elimu ya Msingi kwa Wote. Tulipita nyumba kwa nyumba na daftari tukiandikisha watoto, na mzazi aliyemficha mtoto ndani tulimwona mkosaji. Kwa hiyo mkono wangu ulitaka kuandika "hapana" kabla sijageuza ukurasa. Nimeuzuia.

Nikaja kwenye Kilatini, nao moyo ukageuka.

Unajua nilikuwa mtumikiaji misheni, ila sikumbuki kama nimewahi kukusimulia hili. Mwaka wa Uhuru nilikuwa na miaka 10. Padre anaanza chini ya altare: Introibo ad altare Dei. Nasi watoto wa Kiluguru, peku, tunajibu kwa sauti moja: Ad Deum qui laetificat juventutem meam. Nililijua jibu hilo kama ninavyojua jina langu, na sikujua hata neno moja lililomo. Siku moja nikamuuliza aliyekuwa akitufundisha, laetificat maana yake nini? Nikapigwa konzi la utosi. Akasema kazi yangu ni kujibu. Nina miaka 74, na nikigusa hapa utosini bado napajua mahali penyewe.

Misa ilipoanza kusomwa kwa Kiswahili nilikuwa kijana, na katekista mmoja ndiye aliyenikalisha chini akanipitisha neno kwa neno. Kwa Mungu anayeufurahisha ujana wangu. Mwanangu, nilitoka nje nikaenda kukaa kwenye jiwe. Miaka yote ile nilikuwa nimebeba furaha mdomoni bila kuambiwa kuwa ni furaha.

Sasa nibishane na nafsi yangu. Ningechukia kukariri, ningekuwa na haki. Lakini nisingekariri, siku ile kwenye jiwe ningefurahia nini? Neno lilikuwa limeshalala ndani, likangoja. Basi wasikutishe wanaosema watoto wanageuzwa kasuku. Tena mtoto mwenye Kiswahili hatashangaa sana Kilatini: wao wana jinsi tatu, bonus, bona, bonum, sisi tuna ngeli, mtu mzuri, kitu kizuri, jambo zuri. Anayejua kwamba sifa hufuata bwana wake ameshavuka mto nusu. Hata neno shule tumelichukua kwa Wajerumani, nao chanzo chake ni schola ya Kilatini. Na mwenyewe mjukuu wangu jina lake ni Kilatini, maana yake angavu. Umeshamwambia? Nauliza kwa sababu kama Kiswahili chake kinapungua wakati Kilatini kinaongezeka, hapo mimi na wewe tutazungumza siku nyingine, na kwa sauti.

Lakini si Kilatini kilichoninyima usingizi juzi. Ni lile sharti la kila mzazi kufundisha. Nililolisema miaka yote, na mama yako akanicheka kwa kulirudia, narudia: mtoto husoma uso wa mwalimu kwanza, kitabu baadaye.

Unaikumbuka mvua ya El Nino. Januari 1998, kivuko cha magogo kikaenda na maji, shule yenu ikabaki ng'ambo ile, na yangu mimi vilevile. Wewe ulikuwa darasa la nne. Nyumba sita tukakubaliana watoto waje barazani kwetu. Mimi kusoma na kuandika. Mama mshonaji wa jirani akachukua hesabu, akawafundisha sehemu kwa utepe wake wa kupimia na vipande vya kitenge: hiki nusu, hiki robo, unganisha. Sijaona hadi leo mwalimu wa chuo anayefundisha sehemu vile. Babu yenu mdogo akawafundisha mbegu na majira. Chaki hatukuwa nayo, tukaandika kwa mkaa kwenye ukuta wa chokaa. Ile ilikuwa shule, mwanangu. Watoto 14, na hakuna aliyepigwa konzi kwa kuuliza.

Ilidumu wiki tano.

Jumatano ile nikapata habari kwamba malimbikizo yetu ya mshahara yanalipwa mjini. Nikaondoka alfajiri kwa miguu nikizungukia juu mlimani. Mama yako nilimwambia, wenzangu sikuwaambia. Nilijipa moyo kwamba nitarudi jioni. Foleni ikanilaza huko siku mbili. Niliporudi Ijumaa baraza lilikuwa limefagiliwa na mikeka imetandikwa, hakuna mtu. Ukutani, kwa mwandiko wako, ule wa kulaza herufi kushoto, palikuwa na tarehe: 18/2/1998. Chini yake hapakuandikwa kitu. Mama yako akaniambia mlikaa wote hadi jua la utosi, na ulikuwa ukiwaambia wenzio, "Baba anakuja, tukae vizuri."

Alhamisi wakaja watoto wa nyumba tatu. Jumatatu hakuja mtu. Nilipita kwa wenzangu kuomba radhi, wakanipokea vizuri, wakanikaribisha chai, na watoto hawakuletwa tena. Mama mshonaji aliniambia kwa upole, "Mwalimu, mimi nilifunga cherehani kila Jumanne." Hakusema zaidi. Kufunga cherehani siku nzima, kwa mwanamke aliyekula kwa cherehani. Pasaka tukapaka chokaa upya, na mkaa ukajitokeza tena juu ya chokaa. Tukapaka mara ya pili. Ukikaa pale jioni, mwanga ukiwa wa pembeni, mimi bado nauona. Au nadhani nauona.

Fedha zile tulizihitaji. Zilinunua unga, na zilikununulia viatu. Nimejitetea hivyo miaka yote hii, na utetezi ni wa kweli, na haunitoshi.

Kwa hiyo ukiniuliza habari za ushirika, mimi nakuuliza habari za Mama Klara. Unafanya kazi ya usiku hospitalini. Mume wako yuko barabarani na lori wiki nzima. Siku ya zamu yako ya kufundisha watoto wa wenzio, ukiwa umetoka kuinua wagonjwa usiku kucha, uso gani utawapelekea? Nani atakushikia zamu ukiugua, na mmeliandika hilo au mmeliachia upendo? Wale 12 wakiwa 8, ada ya ukumbi itagawanywa vipi? Na ile karatasi ya maungamo ya imani wanayotaka utie saini, umeisoma yote? Wewe ni Mkatoliki na umesema wengi wao si Wakatoliki. Isome pole pole, na palipo na neno usilolikubali waambie mapema.

Halafu kaa pale siku moja kabla hujatoa hata senti. Kaa nyuma. Ngoja mtoto aulize maana ya alichokikariri, kisha usimtazame mtoto, mtazame mtu mzima anayeulizwa.

Usidhani nakuvunja moyo. Shule aliyopo umesema ni watoto 27 darasani na Klara amekuwa kimya. Hilo linanitia hofu kuliko Kilatini chote. Mtoto wetu hakuwa kimya alipokuja huku, alinisemesha hadi kuku wakalala. Nikifikiria ukimya huo, naona heri umtoe kesho. Nikifikiria zamu zako, naona heri umwache. Ulimi unaniwasha kusema moja, na tangu juzi nimeshaandika jibu mara mbili nikalichana. Wewe ndiye unayeuona uso wake asubuhi. Ukinibana kwenye simu nitasema, najijua, lakini usinibane kabla hujaenda kukaa pale nyuma.

Niandikie wanakutana siku gani ya wiki. Na Klara akishajifunza kitu kwao, wewe ukitoka kazini saa 12 asubuhi, huku kwetu miezi hii ni saa 9 alasiri, nipo barazani. Anipigie, anikaririe. Jina Caesar sisi tulilitamka Chezari, wao huenda wakasema Kaisari, karibu na yule Juliasi Kaizari wa tafsiri ya Mwalimu Nyerere. Yote nitayapokea. Maana za maneno usimwambie zote, mwachie mengine aniulize mimi.

Baba yako