Uliza Anti: Krismasi ukweni Nansio, msiba wa Sengerema na bibi mwenye sukari

Desemba hii ya 2021 meseji zimekuja nyingi sana na karibu zote zinauliza kitu kimoja, niende nisiende. Tangu Shirika la Afya Duniani litangaze hii aina mpya ya kirusi cha corona, Omicron, mwishoni mwa Novemba watu wameanza tena kuogopana, na imeangukia palepale kwenye sikukuu, wakati ambao kila mtu anataka kwao. Nimechagua chache nizijibu kwa kirefu.

Anti shikamoo. Naishi Nyakato, nina watoto wawili. Mama mkwe yuko Nansio, kisiwani Ukerewe, ana miaka 74, ana sukari na presha. Mwaka jana kila mtu alikuwa na sababu yake ya kutokwenda, sasa mwaka huu mama ametangaza mwenyewe anataka watoto wake wote maana hajui kama mwakani atakuwepo. Mashemeji wawili wanatoka Dar, mmoja Bukoba, na familia zao, tutafika watu ishirini na kitu. Mimi na mume wangu tulichanja Agosti ile ya sindano moja, mama hajachanja, anasema ameambiwa inaua wazee. Nikisema tusiende ntaonekana ndo mkwe anayetenganisha ndugu, nikinyamaza mama akapata shida ntajisikiaje? Mkwe, Nyakato

Marahaba mwanangu. Nianze na kitu ambacho wengi wanakiruka, hamu ya mama yako mkwe nayo ina uzito wake. Mzee wa miaka 74 anayekaa mwaka mzima bila kuona wanae naye anaumia, hilo haliandikwi kwenye cheti cha hospitali lakini linamla mtu. Kwahiyo mi sikuambii usiende. Nenda, ila hii safari ipangwe kwa kumfikiria yeye kwanza kabla ya kufikiria pilau.

Umri, sukari, presha, hivi vitatu vikikaa kwa mtu mmoja corona ikimpata inampiga vibaya kuliko itakavyokupiga wewe. Kwahiyo cha kwanza kabisa ni chanjo yake, na iwe wiki hii kama mnaweza, kwasababu mwili unahitaji kama wiki mbili hivi kujenga kinga ya kueleweka. Hiyo habari ya kuua wazee si kweli. Chanjo ilipozinduliwa hapa kwetu tarehe 28 Julai Rais Samia alichanjwa hadharani watu wote wakiangalia, na walioanza kupewa nafasi ni wahudumu wa afya, wenye miaka 50 kwenda juu na wenye magonjwa kama ya mama, yaani wazee waliwekwa mbele kwasababu wao ndo ugonjwa unawaua zaidi. Chanjo haizuii kila maambukizi, nisikudanganye, wewe uliyechanja unaweza kuipata na ukampelekea mtu, ila inapunguza sana kuugua vibaya na kufa. Lakini haya usiyaseme wewe mkwe. Mwambie mume wako ampigie mama yake, au yule mtoto wake ambaye mama akisikia sauti yake analegea (kila mama anaye mmoja), aongee naye taratibu na ampeleke mtu wa kumshika mkono hadi kituo cha afya.

Sasa hao watu ishirini na kitu. Sisi wa Ziwa Victoria hatuhitaji kuelezwa maana ya kusema mmoja zaidi hawezi kudhuru, ilizama meli ya MV Bukoba mwaka 1996 tukazika, kikazama kivuko cha MV Nyerere mwaka 2018 pale karibu na kisiwa cha Ukara tukazika tena, na zote mbili zilibeba kuliko uwezo wake. Nyumba nayo ina uwezo wake. Kila familia inayoongezeka inakuja na watu iliokaa nao wiki nzima, watu wa ofisini, watu wa basi, watu wa harusi ya Jumamosi iliyopita. Gaweni. Nusu waje Krismasi nusu waje Mwaka Mpya, na mama naye atafurahi zaidi maana atakaa na wageni siku nyingi badala ya kuwaona wote siku moja wakikimbizana na sufuria.

Na wakati wa kula siyo ndo wenye hatari kubwa, watu wanaogopa sahani na vijiko wakati hiki kirusi kinasafiri kwa hewa tunayoipumua. Chakula mtakula nje chini ya mwembe, upepo wa ziwa unapita, hapo hali ni nafuu sana. Shida ni usiku. Najua nyumba zetu sikukuu zinavyokuwa, wajukuu sita wanalala chumba cha bibi kwenye mkeka, madirisha yanafungwa kwasababu ya mbu, hapo watu wanapumuliana saa nane mfululizo. Chumba cha mama alale mama peke yake au na yule anayekaa naye kila siku. Madirisha yaachwe wazi, mbu wazuiwe na chandarua, na vyandarua mbebe kutoka huko mnakotoka maana Nansio malaria ipo na sitaki mkimbie moja mkaangukie nyingine. Wenye uwezo wachukue gesti. Mvua ya Desemba ikiwakamata mkafunga turubai, muache pembeni wazi, turubai lililoshushwa pande zote ni chumba tu.

Mashemeji wa Dar waambieni mapema kabisa kwamba siku tano hadi saba kabla ya safari wajipunguze na mikusanyiko ya ndani, mabaa, sendoff, mikesha, na kwenye basi wavae barakoa njia nzima hata kama wanachekwa. Dalili mara nyingi zinatokea kama siku ya tano tangu mtu aambukizwe, zinaweza kuchukua hadi siku kumi na nne, na mtu anaweza kuambukiza wengine siku mbili hivi kabla hajajisikia chochote, ndo maana kumwangalia mtu usoni na kusema huyu mzima haisaidii kitu. Kwenye meli ya kwenda Nansio kaeni sehemu ya wazi, msijibane ndani kwenye viti kisa tivii.

Afu jambo moja gumu kuliko yote haya. Kubalianeni kabla, kwa simu, wote, kwamba atakayeamka na mafua au homa siku ya safari anabaki, na hatasemwa, na nauli yake aliyopoteza familia itamchangia. Watu wengi wanaenda wakiwa wanaumwa sio kwasababu hawajali, wameshakata tiketi ya watu watano na wanaogopa kuambiwa wanaringa.

Na mama aulizwe. Tunawapangia wazee kama watoto wadogo. Mwelezeni hali ilivyo, mkiwa nusu hatari ni ndogo kidogo, mkija wote ni kubwa, mkilala ndani ni kubwa zaidi, afu mumsikilize anachotaka yeye. Akisema anawataka wote kwa siku moja tu, mchana, nje, basi hilo nalo ni jibu zuri.

Anti, bibi yetu anatufukiza nyungu wote chini ya blanketi moja kila Jumapili kabla ya kanisa, watu sita. Inatukinga? Kijana wa Igoma

Hapana mwanangu. Mvuke unaweza kukulegeza pua ukajisikia vizuri ila hauui kirusi kilicho ndani ya mwili na hauzuii kuambukizwa. Na watu sita chini ya blanketi moja mnapumuliana uso kwa uso, kama mmoja anayo mmegawana hapohapo. Tena watoto wanaungua maji ya moto kila siku kwenye hizi nyungu. Kama bibi hataki kuacha basi kila mtu kwa zamu yake, mtu mzima, na sufuria iwe chini imetulia.

Shikamoo Anti. Nafanya biashara ya dagaa Mwaloni Kirumba. Kila siku nabanana na watu, daladala kila siku, sijawahi kuumwa. Sasa baba mdogo kafariki Sengerema, mke wangu anasema nisiende, eti corona. Kama ni kuugua si ningeshaugua? Siwezi kukosa kumzika baba yangu. Mzee wa dagaa

Marahaba, na poleni sana kwa msiba.

Nakuelewa kabisa hasira yako, maana mtu anayetafuta riziki kwenye umati kila siku akiambiwa asimzike mzazi wake kwasababu ya umati anaona anadhihakiwa. Lakini Mwaloni na msibani ni tofauti. Pale Mwaloni uko nje, upepo unatoka ziwani, mteja anakuja mnapatana bei dakika tatu anaondoka. Msibani unakaa siku tatu na watu walewale, mnalia, mnaimba, mnakumbatiana, mnalala mmebanana, na ndugu wametoka kila mkoa. Kuimba na kulia kwa sauti kunatoa hewa nyingi mdomoni kuliko kuongea, hasa ndani.

Na hujawahi kuumwa haina maana hujawahi kuipata, wengi wanapita nayo bila dalili yoyote, na hii ya sasa inawarudia hata waliowahi kuugua. Ile hatari ya daladala haiondoi hatari ya msibani, zinajumlishwa. Ndo maana kwa mtu kama wewe ambaye kazi yako huwezi kuiacha, mi nakushauri upunguze pale panapopungua, ili ukitaka kwenda mahali pa muhimu kama hapa uende bila kuwa umeshabeba mzigo. Kwenye daladala kaa dirishani, fungua kioo, ukiambiwa vumbi sema heri vumbi.

Kwahiyo nenda ukazike. Makaburini ni nje, simama na wenzio umpe baba heshima yake. Pale Kigongo kwenye pantoni shuka kwenye gari ukae kwenye upepo. Msibani kaa na wanaume nje kwenye moto, kunawa mikono kuwe kwa maji ya kumiminiwa sio beseni moja la kuzungukia watu hamsini, na kama unaweza rudi siku hiyohiyo au lala nje ya nyumba ya msiba. Rambirambi ya wasioweza kuja ipokelewe kwa simu na isomwe kama ya waliokuja, hilo lisemeni wazi wenye msiba.

Ila naomba ufikirie kitu kuhusu mke wako. Misiba yetu wanaume mnakaa nje, wanawake wanajazana ndani chumba kimoja na mfiwa, wanalala humo usiku wote milango imefungwa. Yeye akienda ndo atakuwa kwenye hewa mbaya kuliko wewe. Inawezekana hofu yake haijakuhusu wewe peke yako, anajua atakapowekwa. Muulize. Na wenye misiba kokote mnakosoma hapa, wekeni turubai la pili la kina mama nje, jamani, ni kodi ndogo kulinganisha na kuita turubai tena baada ya wiki mbili.

Anti nilikuwa na homa, nikapima malaria nikakutwa nayo, nimeanza dawa. Basi si corona, naweza kusafiri keshokutwa kwenda kwa babu Ukara? Mwanafunzi, Butimba

Malaria kukutwa nayo haiondoi corona mwanangu, mtu anaweza kuwa nazo zote mbili, na huku kwetu ziwani wengine wanatembea na vijidudu vya malaria hata siku ambayo homa yao imeletwa na kitu kingine. Maliza dozi ya malaria kama ulivyoandikiwa, ila kama una kikohozi, koo linauma, au harufu na ladha vimepotea, usiende kwa babu keshokutwa. Omba upimwe na hiyo nyingine, ukishindwa subiri siku kumi tangu ulipoanza kuumwa na uwe umekaa bila homa. Babu atakusubiri.

Na ukiona unahema kwa shida, kifua kinabana, mtu anachanganyikiwa au midomo inabadilika rangi, usisubiri asubuhi, nenda hospitali. Mwenye kile kipimo cha kubana kwenye kidole, oksijeni ikishuka chini ya asilimia 94 mtafute daktari hata kama mgonjwa anasema anajisikia vizuri, maana ugonjwa huu unaweza kushusha oksijeni mtu akiwa bado anaongea na kucheka. Namba ya bure ya Wizara ya Afya ya kuuliza ni 199.

Anti, babu yangu Magu nilimsalimia bila kumpa mkono akanuna siku mbili, akasema mjini kumenifundisha kiburi. Krismasi narudi, nifanyeje? Mjukuu

Usimshtukize mlangoni, ndo kilichomuumiza. Mpigie leo, mwambie babu nakuja, napanda daladala na watu wengi, nakupenda na naogopa kukuletea ugonjwa, kwahiyo nikifika ntakupigia magoti nikupe shikamoo yako kwa mbali kidogo afu ntakaa na wewe nje jioni nzima unihadithie. Salamu yetu ya heshima haijawahi kutegemea kiganja, magoti na sauti vinatosha. Akisikia sababu kabla kutoka kinywani mwako, na mbele ya majirani ukampigia magoti, hana cha kununia. Ukifika nawa kwanza, vaa barakoa mkiwa ndani, na kiti chake kitolewe nje kabla hujaingia ndani kumfuata.