Mvinyo wa nyumbani: anza na ndoo yenye mdomo mpana

Mvinyo wangu wa kwanza wa embe dodo niliuchachulia kwenye dumu la lita 20, nikalijaza mpaka shingoni. Usiku wa pili nyama za embe zilipanda na povu, zikaziba mdomo, presha ikazirusha mpaka dari ya jikoni. Embe za shilingi nyingi, zimekwenda. Tangu hapo mtu akitaka nimfundishe, kabla ya kuzungumzia hamira namuuliza: utachachulia ndani ya nini?

Siku tano hadi saba za mwanzo ndizo zenye vurugu. Hamira inakula sukari na kutoa kilevi na hewa ukaa, na hewa hiyo inanyanyua nyama na maganda mpaka yanatanda juu kama kofia. Kofia hiyo inatakiwa izamishwe kwa mwiko asubuhi na jioni. Ukiiacha inakauka, inaota ukungu, na mvinyo unaanza kuelekea kwenye siki. Sasa mwiko utapitaje kwenye shingo ya dumu? Chupa kubwa ya kioo yenye shingo nyembamba naipenda sana, ila zamu yake ni ya pili, ukishachuja makapi na povu limetulia.

Kwa hiyo nunua ndoo yenye mfuniko, na uache nafasi. Mvinyo wa lita 15 uweke kwenye ndoo ya lita 20. Wa embe au nanasi, wenye nyama nyingi, hata lita 14 zinatosha.

Kariakoo ndoo zipo za kila namna, na hapa ndipo watu wanapokosea. Igeuze uangalie kitako. Pembetatu ya mishale yenye namba 2 inakutajia aina ya plastiki tu, haisemi kwamba ndoo ni ya chakula. Tafuta mchoro wa glasi na uma. Ndoo iliyowahi kubeba rangi usiiguse, hata uambiwe imeoshwa vipi. Ya achari nayo ilinitia hasara: niliisugua, nikaianika juani wiki nzima, bado mvinyo wangu wa choya ukatoka na harufu ya vitunguu saumu. Plastiki inanyonya harufu. Na unapoiosha tumia kitambaa laini, kwa sababu stili waya huacha michubuko ambamo bakteria hujificha, na maji ya moto hayawafikii vizuri.

Sufuria ya alumini, hapana. Choya ina asidi kali, itaila alumini hiyo na kukuachia ladha ya chuma. Chuma kisichoshika kutu ni kizuri mno, mfuko ukiruhusu.

Halafu kuna joto letu. Hamira ya mvinyo hustarehe kwenye nyuzi 20 hadi 25, na Dar mwezi wa pili hewa inapita 30, tena kuchachuka kwenyewe kunaongeza joto. Mimi huisimamisha ndoo ndani ya beseni la maji, sakafuni, chumba kisichopigwa na jua, nikaizungushia kitenge kilicholowa ambacho ncha zake zinagusa maji. Ndoo nyembamba na ndefu hupoa haraka kuliko pipa nene.

Mfuniko usiukaze siku hizo za mwanzo. Uegeshe tu, juu yake funga kitambaa safi kwa mpira, kiwe kimebana kabisa, maana wale nzi wadogo wa matunda ndio wanaoleta bakteria wa siki.