Maswali na Majibu: Hifadhidata ya Madokezo Ndani ya Kasha Fiche

Maswali ya safari hii yanatoka kwa wasomaji ambao programu zao za madokezo zimekusanya maandishi, picha na hati za miaka mingi katika hifadhidata moja kubwa, nao wanataka kuiweka ndani ya kasha fiche. Kasha hilo ni faili moja iliyosimbwa, yaani iliyogeuzwa isisomeke, ambayo, ikishafunguliwa kwa nenosiri, huonekana kwenye kompyuta kama diski nyingine. Mfano wangu ni VeraCrypt, programu ya kuunda na kufungua makasha ya namna hii.

Hifadhidata yangu ina GB 30. Nitengeneze kasha la ukubwa gani?

Tenga GB 100 ikiwa diski inaruhusu. Kasha la kawaida huchukua nafasi yake yote siku linapoundwa, na hifadhidata haidai nafasi kwa ajili ya madokezo mapya tu. Programu nyingi za madokezo hutumia SQLite, mfumo unaotunza hifadhidata nzima katika faili moja, na SQLite inapoipanga upya faili yake ili kuondoa mapengo yaliyoachwa na vitu vilivyofutwa, yaweza kuhitaji nafasi ya ziada inayofikia mara mbili ya ukubwa wa faili yenyewe. Lipo pia kasha linalokua kadiri linavyojazwa, ila silipendekezi, kwa sababu hufanya kazi polepole zaidi na humwezesha mtu wa nje kutambua sehemu ambazo hazijatumika. Ikiwa kasha litakaa kwenye diski ya nje, hakikisha kwamba diski hiyo haitumii FAT32, mpangilio wa zamani wa kuhifadhi faili, ambao haupokei faili inayofikia GB 4.

Nimewasha kompyuta leo asubuhi na programu inaonyesha daftari tupu. Je, nimepoteza kila kitu?

Kuna uwezekano mkubwa kwamba hujapoteza chochote. Programu iliwaka kabla ya wewe kufungua kasha, ikaitafuta hifadhidata mahali ilipozoea, ikaikosa, na badala ya kulalamika ikaunda nyingine mpya nje ya kasha. Ifunge mara moja bila kuandika chochote, fungua kasha, kisha uielekeze kwenye hifadhidata ya awali. Ikiwa madokezo yako hulandanishwa na seva, kata intaneti kwanza, kwa maana programu iliyojikuta na daftari tupu yaweza kuanza kupakua kila kitu upya na kukiweka wazi kwenye diski ya kawaida, jambo ambalo kasha liliwekwa kulizuia.

Ili jambo hili lisijirudie, iondoe programu katika orodha ya zile zinazojiwasha pamoja na kompyuta, na ulipe kasha herufi ile ile ya diski kila unapolifungua. Wakati wa kufunga, anza na programu, kisha kasha. Angalia pia kama programu imefungwa kweli, kwani baadhi huficha dirisha tu na kuendelea na kazi chini kwa chini. VeraCrypt ikikuonya kwamba kuna faili zinazotumika na kukuuliza kama ilifunge kasha kwa nguvu, kataa. Huenda kando ya hifadhidata pakawa na faili ndogo ambayo jina lake linaishia na «-wal». Humo hukaa mabadiliko ambayo bado hayajaingizwa katika faili kuu, na anayenakili faili kuu peke yake huyaacha nyuma.

Je, usimbaji utaipunguzia kompyuta kasi?

Hautaipunguza kiasi cha kukusumbua. Vichakataji vingi vilivyotengenezwa tangu mwaka 2010 vina maagizo maalumu ya kutekeleza AES, njia ya usimbaji inayotumika sana, na aghalabu diski ndiyo inayochelewesha kazi.

Nimeweka kasha katika folda inayopakiwa kwenye hifadhi ya mtandaoni, lakini mabadiliko hayapandi. Kwa nini?

Kwa kawaida VeraCrypt huiacha tarehe ya faili ya kasha kama ilivyokuwa hata baada ya yaliyomo kubadilika, ili mtazamaji asijue lini lilitumika mara ya mwisho. Huduma inayotegemea tarehe hiyo huona faili ile ile ya zamani na kuipita. Unaweza kuizima tabia hiyo katika mapendeleo ya programu, lakini pakia kasha likiwa limefungwa, na usilifungue katika kompyuta mbili kwa wakati mmoja, kwa sababu utapata makasha mawili yaliyotofautiana ambayo hakuna huduma inayoweza kuyaunganisha. Kwa maoni yangu, faili ya GB 100 inafaa zaidi kunakiliwa kwenye diski ya nje kila wiki.

Nimeshahamisha hifadhidata na kufuta ile ya zamani. Je, siri zangu sasa zimo ndani ya kasha tu?

Bado. Kufuta huondoa jina la faili, na kwenye diski ya SSD hata kuandika juu yake hakutoi uhakika, kwa kuwa diski yenyewe huamua data mpya ikae wapi. Zaidi ya hayo, kiambatisho unachokifungua kwa programu nyingine huenda kikanakiliwa katika folda ya muda, faharasa ya utafutaji ya mfumo endeshi yaweza kushika maneno yako, na kompyuta inayozimika huku ikitunza hali yake huandika kumbukumbu yote kwenye diski. Njia ya kuziba mianya hii kwa pamoja ni kusimba diski nzima, kwa mfano kwa BitLocker (Windows), FileVault (macOS) au LUKS (Linux). Kasha bado lina kazi yake, kwa sababu diski iliyosimbwa huwa wazi muda wote kompyuta inapotumika, ilhali kasha hufunguliwa pale tu unapolihitaji.

Nimebadilisha nenosiri mwezi uliopita na sasa nimelisahau. Kuna njia yoyote ya kuingia?

Ipo moja, ikiwa una nakala ya kasha au ya kichwa chake (sehemu ndogo ya kasha inayotunza ufunguo wa data) iliyotengenezwa kabla ya mabadiliko hayo na unalikumbuka nenosiri la zamani. Kubadilisha nenosiri husimba upya kichwa peke yake, na ufunguo mkuu wa data hubaki ule ule. Kwa hiyo kichwa cha zamani, kikirudishwa, kitalifungua kasha la leo. Kwa sababu hiyo hiyo, mwenye nenosiri lako la zamani pamoja na nakala hiyo anaweza kuingia pia, na kama unamhofia mtu wa namna hiyo, unda kasha jipya na uhamishie data humo.